Siku Wenye Ng'ombe na Wenye Mpunga Walipoketi Benchi Moja

Wanangu mnaopita hapa nyumbani Igowole na kuniuliza nilikuwa nafanya kazi gani, huwa nawajibu kwa kifupi: nilikuwa nawaomba watu wazima waje mkutanoni. Mnacheka. Hata marehemu mama yangu alicheka. Alimsomesha binti yake kilimo akitegemea kuona mbegu bora na dawa za mahindi, kumbe binti anazunguka na pikipiki vijijini akisema, "Njooni tukae."

"Na wakishakaa?" mama aliniuliza siku moja.

"Wakishakaa wanazungumza, mama."

"Kwani nyumbani kwao hawazungumzi?"

Jibu nililipata miaka mingi baadaye, kule bonde la Usangu. Nataka niwasimulie, maana wengi wenu ni wakulima, wengine mna ng'ombe, na kila nikiwaambia mjiunge na chama mnanijibu kwamba mna shughuli nyingi.

Chama chetu kilikuwa cha wakulima na wafugaji, angalau kwenye jina. Kazi yake haikuwa kugawa mbolea. Ilikuwa kusema. Kanuni inapotungwa, iwe ya kijiji au ya wilaya, mtu wa shambani awepo pale inapoandikwa, asije akaisikia siku anayokamatwa nayo. Mimi nilikuwa mhamasishaji. Nilizunguka Mufindi kwa wenye viazi na mahindi, nikafika Chunya kwa wakulima wa tumbaku, nikarudi kichwa chekundu kwa vumbi, lakini muda wangu mwingi niliumalizia Usangu kwenye mpunga.

Mkutano wangu wa kwanza niliuharibu hapahapa Igowole. Niliitisha watu kwenye darasa la shule ya msingi, wakaja wengi, nikafurahi. Nikafungua katiba ya chama, nikaanza kuisoma. Niliisoma yote, wanangu. Sura kwa sura, kifungu kwa kifungu. Msimu wenyewe ulikuwa wa kupanda viazi na wingu lilishatanda. Baada ya muda mtu mmoja akanyoosha kidole akaomba kwenda kujisaidia. Akafuata mwingine. Nikaendelea kusoma. Nilipoinua macho alikuwa amebaki mtu mmoja tu, Bwana Ngailo, mwenyekiti wetu wa kanda, mkulima wa viazi aliyekuwa amepewa kazi ya kunifundisha kazi.

"Wamekwenda chooni," nikamwambia.

"Binti," akasema, "choo cha shule hii kina matundu manne."

Hakunigombeza. Wiki iliyofuata aliitisha mkutano yeye, darasa lilelile. Hakushika hata karatasi. Aliuliza swali moja tu: "Nani humu amewahi kujaza gunia la viazi mpaka mdomoni, mnunuzi akamwambia bado?" Darasa likalipuka. Kila mmoja alikuwa na kisa chake cha lumbesa, lile gunia linalojazwa kupita kiasi kisha likashonewa kilemba juu, huku wewe unalipwa gunia moja. Mvua ikanyesha juu ya bati, tukawa hatusikilizani, lakini hakuna aliyeondoka. Wakapiga kelele zaidi.

Tukiwa njiani kurudi akaniambia, "Mtu anakuja mkutanoni na kidonda chake. Ukikigusa atakaa. Ukimsomea katiba atakwenda chooni." Hilo chukueni, mimi nilipewa bure.

Mambo mengine nilijifunza kwa kuumbuka. Usiitishe mkutano siku ya mnada. Usiitishe wiki ya kupandikiza mpunga, wakati migongo ya watu inauma. Zamani taarifa tulizituma kwa barua, tunampa kondakta wa basi, naye anaweza kuisahau mfukoni mpaka wiki ipite. Likaja gari la kipaza sauti. Siku hizi mna grupu la WhatsApp, na mimi nalipenda, ila angalieni: niliwahi kutuma taarifa ya mkutano alfajiri, kufika saa mbili ilikuwa imezama chini ya picha za maua na "asubuhi njema". Walikuja watu watano. Simu ni nzuri, lakini anayekuja kweli ni yule uliyekwenda mlangoni kwake.

Sasa Usangu.

Kijiji chenyewe sitakitaja, watu wake bado wapo na wanaelewana, sitaki kuwachokonoa. Ni safari ya pikipiki kutoka Rujewa. Upande mmoja kuna majaruba ya mpunga yanayonyweshwa kwa mfereji. Upande wa pili ni mbuga, na huko walikaa wafugaji, wengi wao familia za Kisukuma zilizohama na ng'ombe kutoka kaskazini. Katikati kulikuwa na njia ya mifugo ya kwenda mtoni. Njia hiyo ilikuwa pana zamani, lakini kila msimu jaruba moja lilisogea kidogo, likaja lingine, mpaka ikawa uchochoro. Msimu uliotangulia watu walipigana pale. Mfugaji mmoja alivunjwa mkono na mkulima mmoja alishonwa nyuzi kichwani. Kila upande uliapa kwamba safari ijayo hautaishia hapo.

Mwenyekiti wa tawi letu pale alikuwa Bi Zuhura. Babu yake alikuja Mbeya mjini kutoka pwani kufanya biashara, yeye akaolewa bondeni, akafiwa na mume, akabaki na mpunga. Mama wa ushungi na mabuti ya mvua, ulimi wake mkali. Mwaka huo ng'ombe walikuwa wameingia shambani kwake wakala karibu nusu ya jaruba. Asubuhi moja akanipigia simu, sauti imejaa furaha.

"Mama Kikoti, tumeshinda bila hata kufungua mdomo! Kuna rasimu ya sheria ndogo imebandikwa ofisi ya kijiji. Njia ya ng'ombe inafungwa kabisa."

Hapa ndipo kosa langu kubwa lilipo, wanangu. Nilishangilia. Wanachama wangu wote pale walikuwa wakulima wa mpunga. Chama cha wakulima na wafugaji, na mfugaji hata mmoja sikuwa naye. Nikampigia Bwana Ngailo, alishazeeka wakati huo, nikamweleza habari njema.

Akasikiliza, kisha akauliza, "Hao ng'ombe watakunywa wapi?"

"Sijui."

"Basi hiyo sheria huijui. Kaangalie."

Nikaenda. Nilikuwa nimejifunza neno moja la Kisukuma, nikaona linatosha. Nilifika kwenye boma la Mzee Masanja, mwenye ng'ombe wengi kuliko wote, nikapaza sauti, "Mwangaluka!" Nikajibiwa kwa kicheko. Mke wake, Mama Kulwa, alitoka akijifuta machozi kwa kanga.

"Mama, mwangaluka ni ya asubuhi. Sasa hivi jua linashuka, sema mwadila. Lakini umejaribu. Karibu, keti."

Mzee Masanja hakucheka sana. Nilipotaja chama akanikata. "Vyama vyenu ni vya wenye mashamba. Mnataka jina langu ili mnihesabie ng'ombe." Akainuka, akaenda zake zizini.

Mama Kulwa akanisogezea kibuyu cha maziwa. "Unataka kujua nini hasa?"

"Nataka kujua njia ya maji."

"Hiyo haielezwi kwa mdomo. Kesho asubuhi njoo utembee nasi. Na ukija, salimia vizuri."

Kesho yake nilitembea nyuma ya ng'ombe kutoka mbugani hadi mtoni. Jua kali, vumbi, na miguu yangu ya Mufindi haijazoea. Tulipofika mahali njia inapopinda, ng'ombe wa mbele waliinua vichwa, wakaanza kukimbia. Wachungaji hawakujaribu hata kuwazuia. Mama Kulwa akaniambia, "Ng'ombe mwenye kiu akinusa maji, hana mchungaji tena. Unaweza kumpanga njia tu, kumzuia huwezi."

Nikamuuliza, hii njia ikifungwa, watapita wapi?

Akaonyesha kwa fimbo. Kulikuwa na sehemu moja tu nyingine ya kufikia mto, juu ya ukingo wa mfereji. Na shamba la kwanza kando ya ukingo huo lilikuwa la Bi Zuhura.

Sheria ile ya kulinda mpunga ingewaleta ng'ombe wote wa mbugani katikati ya mpunga. Ingebomoa ukingo, maji yangemwagika, na watu waliokwisha kuapa wangekutana palepale na fimbo na majembe. Mimi nilikuwa nimeshangilia.

Kumshawishi Bi Zuhura aje kuona kulinichukua siku mbili.

"Mimi nitembee na ng'ombe waliokula mpunga wangu?"

"Usitembee nao kwa urafiki. Tembea nao kwa hasira. Ila tembea."

Akaja, mabuti miguuni, uso umefungwa. Yeye na Mama Kulwa walitembea mwendo mrefu bila kusemezana, mimi katikati kama mpatanishi wa ndoa. Pale njia inapopinda Mama Kulwa akanyoosha fimbo kama alivyonionyesha mimi. Bi Zuhura akafuata ile fimbo kwa macho, akaona shamba lake. Akasimama palepale mpaka ng'ombe wote wakapita.

"Mtendaji wa kijiji amewahi kuletwa hapa?" akauliza hatimaye.

"Nani amlete?" Mama Kulwa akasema. "Sisi ofisini hatuendi."

"Na mikutano?"

"Mikutano mnaiweka siku ya mnada. Sisi tuko mnadani."

Bi Zuhura akanigeukia. "Twende ofisini," akasema.

Tulikwenda kwa mtendaji sote watatu. Nataka mlielewe hili, maana vijana mnapenda kuamini kwamba kila aliye ofisini ana hila. Mtendaji hakuwa mtu mbaya. Aliandika alichokisikia, na waliokuwa wakiingia ofisini kwake walikuwa wa upande mmoja. Tulimwomba mambo mawili tu: atembee ile njia, na mkutano mkuu wa kijiji wa kuijadili rasimu uhamishwe kutoka siku ya mnada. Akakuna kichwa. Akasema, "Hakuna aliyewahi kuniomba." Akakubali yote mawili.

Zikabaki siku kumi na moja kabla ya mkutano. Bi Zuhura mwenyewe alikwenda kwa Mzee Masanja. Mzee akarudia lilelile: mnataka kunihesabia ng'ombe.

"Mimi nilipojiunga nilidhani wanataka kunipima mashamba," Bi Zuhura akamjibu. "Miaka yote nimo, sijaona hata mtu mmoja na kamba. Wanachokuja nacho ni maneno tu, Mzee, na wewe maneno unayo."

Mzee Masanja akatabasamu kidogo, ndevu zikamcheza. Akaandikisha jina. Kesho yake wakaja wengine tisa.

Mazoezi ya kuzungumza mkutanoni tuliyafanyia kwenye uwanja wa mashine ya kukoboa mpunga, mchana mmoja umeme ulipokatika na mashine ikanyamaza. Wenye ng'ombe na wenye mpunga walikaa benchi moja, kwa sababu benchi lenyewe lilikuwa moja. Msione aibu kufanya mazoezi. Mtu anayejua jambo kwa miaka thelathini anaweza kusimama mbele za watu akasahau hata jina lake. Mama Kulwa alisimama akaanza kueleza jinsi baba mkwe wake alivyohama na ng'ombe kutoka Shinyanga, walivyolala njiani, ndama gani alizaliwa wapi. Bi Zuhura akamkata: "Mwenzangu, ukianzia Shinyanga, kikao kitakwisha hujafika Chimala." Wote wakacheka, Mama Kulwa zaidi ya wote. Akaanza upya, safari hii akaanzia mtoni.

Wazo la mwisho lilikuwa la Mzee Masanja, si langu. Alisema, "Nikisimama mimi kuomba njia, watasema anajitetea. Asimame Zuhura aombe njia. Mimi nitasimama kuomba adhabu."

Siku ya mkutano mkuu sikula chochote. Niliogopa wafugaji hawatakuja, kisha nikawaona wanakuja, nikaogopa kwamba wamekuja wengi mno. Tulikutana kwenye darasa la shule ya kijiji; wakulima walikaa upande wa madirisha, wafugaji upande wa mlango. Baadhi ya vijana waliegemea fimbo. Mtendaji akawaomba waziweke nje. Wakaangaliana. Mzee Masanja akatoka na yake, akaiegemeza ukutani, akarudi. Wengine wakafuata.

Bi Zuhura akasimama wa kwanza. Akasema njia isifungwe, ipanuliwe, iwekewe vigingi. Kabla hajamaliza, mwanaume mmoja wa upande wa madirisha akapiga kelele, "Wamekununua kwa maziwa!"

Nilifumba macho. Ulimi wa Bi Zuhura niliujua.

Lakini alijibu polepole. "Mpunga wangu uliliwa kuliko wa mtu yeyote humu ndani. Wewe wako uliliwa kiasi gani? Njoo kesho nikutembeze. Mkifunga ile njia, ng'ombe watapita kwangu kwanza, kisha kwako. Mimi sitetei ng'ombe. Natetea mpunga wangu."

Akaketi. Mama Kulwa akaeleza mahali pa kunyweshea, kwa maneno machache, kama tulivyofanya mazoezi. Kisha Mzee Masanja akasimama, akavua kofia.

"Ng'ombe wangu wakila mpunga, nisije nikawaambia ng'ombe ni mnyama. Ni kweli ng'ombe ni mnyama. Mimi si mnyama. Nikiacha njia iliyowekwa, niadhibiwe. Liandikwe."

Hakuna aliyepiga makofi. Kulikuwa na kimya cha watu wanaofikiri, na kimya hicho mkikisikia mkutanoni msikivunje kwa maneno yenu. Mtendaji akaomba mikono kwa wanaotaka rasimu irekebishwe. Sikuweza kutazama. Niliangalia sakafu, nikaona viatu vya watu, makubazi ya matairi na mabuti ya matope, nikasubiri. Nikasikia Bi Zuhura ananong'ona, "Inua kichwa, Mama Kikoti." Nikainua. Mikono ilikuwa imejaa darasa zima, mpaka wa yule aliyepiga kelele, ingawa wake uliishia usawa wa sikio.

Bado rasimu ilitakiwa ipite kwenye baraza la madiwani. Tulisubiri wiki kadhaa, na kusubiri kule kulinizeesha. Usiku nilikuwa naota ukingo umebomoka. Wajumbe wanne walikwenda kujieleza kwenye kamati, wawili wa mpunga, wawili wa ng'ombe, na waliporudi walisema diwani mmoja aliwauliza mara tatu kama kweli wametoka kijiji kimoja. Ilipita. Bi Zuhura alinitumia ujumbe wa neno moja: "Alhamdulillah." Niliusoma nikiwa sokoni, nikamkumbatia muuza nyanya nisiyemjua.

Lakini karatasi ni karatasi. Nafuu yenyewe niliipata kiangazi kilichofuata, siku ya kwanza ng'ombe walipopita kwenye njia mpya mpunga ukiwa bado umesimama. Tulijipanga kando ya njia, watu wa pande zote mbili. Ng'ombe wakaja na vumbi lao. Pale penye kona wakanusa maji, wakaanza kukimbia, vigingi kushoto na kulia. Mtamba mmoja mwekundu aligeuza kichwa kuelekea kwenye mpunga, akasimama. Mama Kulwa akapiga mluzi mmoja, mtamba akageuka, akawafuata wenzake mtoni. Basi. Hakuna kilichotokea. Nilikaa chini palepale kwenye nyasi, nikalia kwa kuwa hakuna kilichotokea.

Ndiyo maana nawasumbua. Mnaniambia chama hakijawapa kitu. Ni kweli, mara nyingi faida yake ni jambo ambalo halikutokea: mkono ambao haukuvunjwa, ukingo ambao haukubomoka. Vitu hivyo huwezi kuvipakia kwenye mkokoteni ukamwonyesha jirani. Lakini nyinyi mwende. Ukiwa na ekari moja, nenda. Ukiwa na mbuzi watatu, nenda. Usisubiri mpaka uwe na maneno mazuri. Nenda na kile unachokijua kwa miguu yako, na ukifika, mtafute mtu ambaye hayupo kwenye kikao na uulize kwa nini hayupo.

Mwaka jana, nikiwa nimeshastaafu, nilipanda basi kwenda Usangu kuwasalimia. Nikakuta tawi liko kikaoni. Mama Kulwa ndiye mwenyekiti siku hizi, Bi Zuhura amekuwa mweka hazina na bado anagombana na kila mtu. Walikuwa wanajadili zamu za maji ya mfereji, na kanuni nyingine ilikuwa inakuja, nami niliijua vizuri. Nikaona wanachelewa kufika kwenye hoja. Sikuvumilia. Nikasimama, nikaanza kuwaeleza.

Mama Kulwa akanitazama juu ya miwani.

"Mama Kikoti, tunakuheshimu sana. Kaa. Kuna watu wanne mbele yako."

Nikakaa. Kijana wa ng'ombe aliyekuwa pembeni yangu akanisogezea nafasi kwenye benchi, mwanamke wa mpunga akasimama kuzungumza, na alisema lilelile nililotaka kusema, tena vizuri zaidi.